Siku moja maishani mwangu: natafuta nishati iliyopungua ubongoni

Saa 12 asubuhi. Bodaboda ananishusha Wandegeya, Kampala. Nanunua rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, naila huku napanda kilima cha Mulago. Mimi ni mtafiti wa ubongo: nachunguza jinsi seli zinavyotengeneza nishati kwa wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoleta kutetemeka na kukakamaa mwili.

Saa 2, kliniki. Mgonjwa wa kwanza ni mzee wa Arua, mwanajeshi mstaafu. Kiswahili chake ni cha kambini, kimenyooka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Hii dawa asubuhi inanishika, mchana inanitupa.”

Kumbe mchana anameza levodopa, dawa yake ya Parkinson, juu ya nyama na maharagwe. Protini ikishasagwa tumboni hugombania na dawa hiyo mlango uleule wa kuingilia mwilini, na baadaye ubongoni. Daktari anamwelekeza ameze nusu saa kabla ya kula. Mimi nachukua damu.

Saa 4, maabara. Siwezi kufungua ubongo wa mtu aliye hai, basi natumia chembe sahani za damu, kwa kuwa nazo zina mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Tangu 1989 inajulikana kwamba kwa baadhi ya wagonjwa hatua ya kwanza ya mnyororo wa nishati humo imelegea. Napima kasi ya chembe kutumia oksijeni. Zinatakiwa zikiwa mbichi, kwa hiyo simu naizima.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula takriban asilimia 20 ya nishati. Seli za dopamini, kemikali inayosaidia mwendo wa mwili, ndizo hufa kwa Parkinson; zina matawi mengi mno na hazipumziki. Nishati ikipungua, zinaumia mapema.

Saa 8, matoke na mchuzi wa karanga. Mwanafunzi wangu anasema babu yake alikuwa akiponda mmea wa utupa kulevya samaki. Utupa una rotenoni, sumu inayoziba hatua ileile ya kwanza! Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliopewa rotenoni wanaweza kupata dalili zinazofanana na za Parkinson. Namwambia asiende kumtisha babu. Panya wale walitiliwa sumu mfululizo kwenye mshipa wa damu.

Saa 11. Kipimo cha mzee kiko chini ya cha mwenzake wa rika lake asiye mgonjwa. Mtu mmoja hathibitishi kitu, nakiandika tu. Nawasha simu: binti wa mzee anauliza kama maharagwe yamepigwa marufuku. Hapana dada, ayale jioni.