Kila "lahaula" ihesabu

Mpe mtu wa Unguja au Pemba programu mbovu aijaribu, kisha muulize ameionaje. Atakwambia "nzuri, haina tabu." Hakudanganyi, anakustahi. Ndiyo maana kero ya mtumiaji huku haipimwi kwa kuuliza tu.

Tuseme ni programu ya kukatia tiketi ya boti ya kwenda Mkoani, Pemba. Watu watano wanatosha kwa duru ya kwanza, kila mmoja kazi tatu. Simu ya pili ifungwe juu, irekodi kioo na mikono. Aliyeitengeneza programu asiwepo chumbani, maana akiwepo watu watamsifia hata kinachowakera.

Ukirudia video, andika dakika na sekunde za kila ishara: kugonga pahala pamoja mara tatu upesi upesi, kurudi nyuma, kimya cha zaidi ya sekunde 10, kusonya, "lahaula", na kumtupia jicho msimamizi. Hiyo ya mwisho mimi naipa uzito kuliko zote. Mtu mzima mwenye haya haulizi, anatazama tu. Jumla igawe kwa dakika alizotumia, la sivyo mtu wa taratibu ataonekana ndiye aliyekereka zaidi.

Tumia bando la kawaida, si Wi-Fi ya ofisi, na sekunde za kusubiri mtandao ziandike kando. Lakini kitufe kikigongwa mara tano kwa kuwa hakioneshi kwamba kimepokea, hapo usiusingizie mtandao.

Kila kazi ikimalizika, uliza palepale ilikuwa nyepesi kiasi gani, 1 hadi 7. Ukitumia SUS (System Usability Scale), dodoso la kupima wepesi wa kutumia programu lililotungwa na John Brooke mwaka 1986, angalia mtego wake: kauli 10 za kujibiwa kwa 1 (nakataa kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa), nusu zinasifu, nusu zinalaumu. Za kusifu toa 1 kwenye jibu. Za kulaumu, toa jibu kwenye 5. Jumlisha, zidisha kwa 2.5. Anayejaza 4 kote kwa adabu anapata 50 tu kati ya 100. Fomu za namna hiyo ziweke pembeni.

Kuna kosa moja ambalo ishara zote hizo hazilinasi: saa. Msafiri anayeisoma 07:00 kuwa ni saa saba mchana anakata tiketi kwa raha zake, bila kusonya, na anakupa 7 kati ya 7. Kero yake itamkuta bandarini Malindi, Unguja, boti imeshaondoka. Kwa hivyo kabla hajainuka, muulize: "Utafika bandarini saa ngapi?"