Simu ya Jirani

Nyaraka za majaribio zilikuwa zimerudi, karibu zote kwa kosa moja: sehemu ya simu. Tulikuwa masjala, kwenye zahanati moja upande wa Kisauni, mimi na mama wa mafaili ambaye sote tulimwita Shangazi.

Muhtasari wa wagonjwa wa rufaa tuliutuma hospitali kwa muundo wa CDA wa HL7, yaani utaratibu wa kimataifa wa kuandika nyaraka za wagonjwa ili kompyuta zisomeane. Humo namba haiandikwi kama mtu anavyoitaja dukani. Huanza na tel:, ikafuata alama ya kujumlisha, kisha 254 ya Kenya, na ile sifuri ya 07 au ya 041 hutolewa. Kistari na mabano vyaruhusiwa, nafasi tupu hapana. Pembeni huwekwa HP kwa simu ya nyumbani, WP ya kazini, MC ya mkononi.

Namba nyingine zilikuwa zimepitia jedwali la kompyuta lililozidhania hesabu, likazila sifuri za mwanzo. Hizo hazikutusumbua. Taabu ilikuwa zile zenye maneno: “jirani”, “duka la Mpemba, Likoni”, “apigiwe baada ya magharibi”. Mkuu wetu alishauri tufute kila kisicho tarakimu, twende nyumbani.

Shangazi akavua miwani.

“Sikiza, mwanangu. Huyu mama ana maradhi hataki yajulikane. Simu ni ya jirani. Ukifuta hilo neno, kesho daktari atamsomea jirani majibu.”

Sikuwa na la kumjibu, na kusema kweli hata waliotunga muundo wenyewe wangekuwa upande wake. CDA ina mahali pake pa mtu mwingine anayehusiana na mgonjwa, na simu yake huandikwa hapo. Kwa mgonjwa mwenyewe, asiye na simu, kuna alama ya kutamka kwamba taarifa haipo. Tukaketi kuzipitia moja moja. Shangazi alijua nani jirani, nani shemeji, na nani ameshahamia Changamwe.

Nilipomwonyesha kanuni yangu ya kubandika 254 mbele ya kila namba isiyo na sifuri, akauliza, “Na wale wa Tanga je?” Walikuwapo, wameandikwa 255 ya Tanzania bila alama ya kujumlisha. Ukizitanguliza 254 zinatimia tarakimu 15, ndio ukomo wa kimataifa, kwa hiyo programu ya kukagua nyaraka ingezipitisha bila kusema neno. Tukazitenga.

Yale maneno ya magharibi yalikosa pa kukaa. Muundo unaruhusu kutaja muda wa kutumia namba, ila programu yetu haikuwa na kisanduku chake. Tukayaweka kwenye maelezo ya kawaida.

Alasiri zikapokewa. Punde wakapiga kutoka hospitali, wanataka kujua mbona mgonjwa mmoja hana simu. Shangazi akachukua mkono wa simu: “Ana jirani. Someni chini hapo. Na msimpigie sasa hivi.”