Jioni za mwaka wa kwanza

Nimerudi gheto saa tatu usiku. Pendekezo langu la utafiti bado ni nusu na kesho nina vipindi tangu asubuhi, lakini nina furaha ambayo sitaki ipite bila kuiandika.

Niko mwaka wa tatu, uhasibu, Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi. Tangu wageni wa mwaka wa kwanza wafike nimejitolea kuwasaidia jioni. Mwanzoni ilikuwa usajili tu: namba ya malipo, bima ya afya, boom (pesa ya mkopo ya kujikimu) halijaingia na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Hayo yanaisha.

Lugha ndiyo haiishi. Mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, na mtu aliyekuwa anaongoza darasa huko kwao anaogopa hata kunyoosha mkono, wenzake wasije wakamcheka. Tukikaa nje ya maktaba nikaeleza debiti na krediti, zile pande mbili za hesabu, kwa Kiswahili, maswali yanamiminika mpaka nakosa pa kuanzia. Hawa vijana wana akili jamani! Wanahitaji tu mtu wa kumuuliza bila woga.

Leo binti mmoja wa Kigoma alikuwa na urari uliogoma, yaani ile orodha ambayo jumla ya debiti inapaswa kulingana na ya krediti. Pande mbili zilipishana kwa 27,000.

"Dada, nimejumlisha tena na tena, inakataa."

Nikamwambia agawanye hiyo tofauti kwa 9. Ikapatikana 3,000 kamili, hakuna baki. Basi, nikamwambia, kuna uwezekano mkubwa tarakimu mbili zimebadilishana nafasi mahali fulani, tafuta. Sikumwonyesha. Akashuka na kidole mstari kwa mstari, akafika kwenye mauzo: ilipaswa kuwa 63,000, yeye kaandika 36,000. Alipiga kelele mpaka watu wa meza ya pili wakageuka! Kisha akawaita wenzake waje waone, akawaeleza yeye mwenyewe, kwa maneno mepesi kuliko yangu.

Rafiki zangu wananiuliza napata wapi muda, na kwa nini bure. Muda kweli ni mchache. Ila tunasoma ushirika, tena kwenye mji ambao wakulima wa kahawa walianza kuungana tangu 1925. Siwezi kuandika insha za kushirikiana huku jirani yangu anakaribia kukata tamaa kwa jambo la dakika kumi.

Wana jaribio wiki ijayo. Jumamosi asubuhi tunaingia kwenye mizania, ile taarifa ya mali, madeni na mtaji, na nimewaambia kila mtu aje na kikokotoo chake.