Kigoma, pale Liemba alipozaliwa mara ya pili

Nilishuka stesheni ya Kigoma kiuno kikiniuma. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 1,250 hivi, na nadhani nilizihesabu zote kwa mgongo. Sikutafuta hata gesti. Niliteremka moja kwa moja ziwani kutafuta mahali Wajerumani walipoiunganisha Liemba, meli yao iliyotumika vitani.

Usitarajie makumbusho. Utakuta bandari, wapagazi, harufu ya dagaa. Nilimwamkia mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumtazama Liemba?"

Alimtaja kama mtu. Nikamuuliza amejuaje. Akacheka: "Wenye madaftari wote humfuata yeye."

Liemba wakati wa Wajerumani aliitwa Graf von Goetzen. Alijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, lakini si kwa kukamilishwa. Walimfunga kwa bolti, wakamfungua tena, vipande vyake vikaingia kwenye makasha yapatayo 5,000. Meli ya mita 71 ikaja kwa bahari, kisha ikapanda treni. Reli ilikuwa imefika Kigoma Februari 1914. Bila reli ile, hadithi hii isingekuwepo. Hapa ufukweni fundi Anton Rüter na wenzake wawili kutoka Papenburg, pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika, wakaanza kumrudisha mwilini, ribiti kwa ribiti. Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka kazi ikiendelea. Tarehe 5 Februari 1915 akashushwa majini.

Baadaye akafungwa mzinga wa Königsberg, manowari iliyoangamia delta ya Rufiji mwaka huohuo. Kutoka mikoko ya Rufiji mpaka Tanganyika! Nikakumbuka kiuno changu, nikaona haya kulalamika.

Ninachokipenda zaidi ni grisi. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia na Wajerumani wakalazimika kuondoka, Rüter na wenzake hawakuilipua meli. Waliipaka mitambo grisi nzito, ndipo wakaizamisha taratibu, tarehe 26. Mtu haipaki grisi meli asiyotarajia kuirudia. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakakuta injini bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Rüter alipoteza meli, grisi yake ikawanufaisha adui zake.

"Babu zetu walisema imelala tu," mzee aliniambia, akikata uzi kwa meno.

Liemba alikuwa amefungwa gatini siku hiyo. Nilisogea hadi ubavuni. Rangi juu ya rangi, na chini yake vichwa vya ribiti vimejipanga kama shanga. Nikaanza kuvihesabu. Nilipofika mia na kitu, mpagazi mwenye gunia kichwani akanipigia kelele nipishe njia, hesabu ikapotea.