Mkato wa Kiingereza hauwekwi kwa pumzi

Nikisahihisha insha za Kiingereza za kidato cha tatu, kalamu nyekundu hurudi palepale: kwenye mkato. Wanafunzi wangu si wazembe. Wanaandika kama Kiswahili kilivyowalea. "Nilifika nyumbani, nikamkuta mama, nikamwamkia" ni sentensi safi, kwa kuwa -ka- ndiyo inayounga vitendo. Kiingereza hakina -ka-. Ukiandika "I reached home, I found my mother, I greeted her", umesimamisha sentensi tatu kamili na kuzifunga kwa alama isiyo na nguvu hiyo. Weka nukta, au "and" kabla ya kitendo cha mwisho, au nukta mkato pale maana zinapotegemeana.

Ndiyo maana nimeacha kabisa kuwaambia watoto waweke mkato pale wanapovuta pumzi. Nawasimulia kesi ya madereva wa Oakhurst Dairy, kampuni ya maziwa ya jimbo la Maine, Marekani. Walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilitaja kazi ambazo hazina malipo hayo, na orodha yake ikaishia na "packing for shipment or distribution", bila mkato kabla ya "or". Je, ni kufungasha tu, iwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza? Au kusambaza ni kazi nyingine inayojitegemea? Madereva walisambaza, hawakufungasha. Machi 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaona maneno hayo yana utata, na utata ukawafaa wafanyakazi. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Bunge la Maine nalo lilishairekebisha sheria, likatenganisha kazi hizo kwa nukta mkato. Darasa hunyamaza nikitaja hizo dola.

Ritifaa hainichukulii muda mrefu. Kwetu, katika ng'ombe, inaonyesha sauti. Kwa Waingereza inaonyesha umiliki au herufi zilizoachwa. Kwenye "its" na "it's" jaribu kusoma "it is" au "it has": sentensi ikikubali, weka ritifaa, ikikataa, iache.

Zoezi ninaloliamini zaidi ni hili: chukua aya yako mwenyewe, kisha pembeni mwa kila mkato andika kazi ambayo mkato huo unafanya. Unatenga vitu vya orodha? Unazungushia maelezo ya ziada? Unafuata kishazi tegemezi kilichotangulia? Mkato ukikosa jibu, ufute, usome tena.