Homa ya Simba Haikuwa ya Kupe

Hapa Nakuru, mbwa akipatwa na homa na kukataa chakula, jambo la kwanza kutajwa ni kupe, na mara nyingi huwa ndio kweli. Kwa hiyo Simba wetu, dume wa German Shepherd wa miezi 14, alipoanza kuchechemea mguu wa mbele, na siku mbili baadaye akawa anachechemea wa nyuma, tulipokea dawa ya homa ya kupe kwenye kliniki moja mjini bila kuuliza swali. Homa ilishuka, kisha ikarudi na kufika nyuzi 40.3, ilhali mbwa mzima kwa kawaida hazidi 39.2.

Daktari wa pili aliushika mkono wangu na kuuweka kwenye ubavu wa kushoto wa Simba. Chini ya manyoya nilihisi mtetemo, kama wa simu inayoita mfukoni. Picha ya ultrasaundi ilionyesha kwamba njia ya damu chini ya vali ya aota, yaani mlango wa moyo unaoruhusu damu kuingia kwenye mshipa mkuu, ilikuwa nyembamba tangu kuzaliwa, na kwamba juu ya vali yenyewe palikuwa na uvimbe wa bakteria na damu iliyoganda. Ugonjwa huu wa bakteria kushambulia vali za moyo, endokaditisi, huwapata zaidi mbwa wakubwa wa umbo walio na umri wa makamo au uzee. Kwa mbwa mchanga, kasoro ya aina hii ndiyo huikwaruza vali na kuwapa bakteria mahali pa kung'ang'ania, hata wakiwa wameingia kupitia kidonda kidogo cha ngozi.

Linaloniuma hadi leo ni kwamba damu ilipaswa kutolewa kwenye mishipa tofauti na kupelekwa maabara kuoteshwa kabla ya antibiotiki yoyote, kwa sababu dawa ikitangulia, bakteria huweza kukosa kuota, na daktari akabaki kubahatisha dawa ya kutumia kwa wiki sita au zaidi. Kwa Simba, dawa ilikuwa imetangulia, na vali ya aota ikishambuliwa ni wachache wanaopona. Alikufa katika wiki ya tatu ya matibabu, usiku, kwenye gunia lake kando ya mlango wa jikoni.

Kwa kuwa kasoro hiyo hurithiwa, nilimwendea jirani wa Lanet anayemfuga ndugu wa Simba wa tumbo moja, tukampeleka naye asikilizwe moyo. Daktari alisikiliza kwa muda mrefu, pande zote mbili, na hakusikia mvumo wowote.