Nilivyoenda kualishwa mgongo Davenport, na kiuno kikatulia (kidogo kidogo lakini)

Habari zenu wapendwa. Mimi nipo Davenport, Iowa, nafanya kazi ya CNA (msaidizi wa nesi) kwenye nyumba ya wazee mwaka wa sita sasa, yaani kuinua watu ndo ugali wangu. Mwezi wa pili mwaka jana nilikuwa namhamisha babu mmoja toka kitandani kwenda kwenye wilichea, mwenzangu wa shifti kaenda mapumziko, mashine ya kunyanyulia ipo huko mwisho wa korido, nikasema aah huyu babu mwepesi tu, nikainama nikageuka naye hapo hapo, kiuno kikalia ka. Babu akakaa salama salimini, mimi ndo nikashindwa kunyooka.

Kosa la kwanza sikuripoti. Huku ukiumia kazini unamwambia supavaiza siku ileile, fomu inajazwa, bima ya kazini ndo inabeba matibabu, mimi nikaogopa kupunguziwa masaa nikanyamaza. Mtanisema sana lakini najua tupo wengi. Kosa la pili nikalala siku nne nikimeza ibuprofeni kama karanga, nikiamini mgongo unataka kupumzishwa, siku ya tano nikawa mgumu kuliko siku ya kwanza, kwenda chooni nashika ukuta.

Nikampigia mama yangu huko Moshi. Shikamoo hata haijaisha kaniambia "mwanangu hizo ni figo, kunywa maji mengi, na hiyo baridi yenu." Kwetu kiuno kikiuma ni figo, kama si figo basi ni UTI, na ukiwa mwanaume basi imekula kwako, mtaa mzima unakupa pole ya mambo mengine. Nikapima mkojo, safi. Nesi akanielekeza kwamba maumivu ya figo mara nyingi yanakaa juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, na hayajali umekaaje, yangu yalikuwa chini usawa wa mkanda, na nikiinama kuvaa soksi naona nyota. Hapo nikajua ni mgongo wenyewe.

Nikatafuta kairoprakta, hawa wataalamu wa kualisha mgongo, yaani kuusukuma kwa mikono mpaka ulie ka. Wa kwanza niliyemwona simtaji. Eksirei kabla hata hajanigusa, halafu akanionyesha uti wa mgongo wangu kwenye skrini akasema umehama, nahitaji kuja mara 3 kwa wiki kwa miezi sita, nikilipa yote mbele napata punguzo. Nikamwambia ngoja nikafikirie, na mpaka leo nafikiria.

Sasa kichekesho ni kwamba hii kairopraktiki yenyewe imezaliwa hapa hapa mjini kwetu. Mwaka 1895 D.D. Palmer alimbonyeza mgongo mfanya usafi mmoja aliyekuwa hasikii vizuri, anaitwa Harvey Lillard, ikasemekana masikio yamefunguka. Mimi hiyo ya masikio siimezi, ila chuo chake bado kipo na kina kliniki, wanafunzi wa mwishoni wanakuhudumia mwalimu mwenye leseni akiwasimamia, na bei ikawa ya kulipika. Nikaenda.

Kijana aliyenipokea aliuliza maswali karibu nusu saa. Kuna ganzi mguuni? Ganzi katikati ya mapaja, pale unapokalia? Mkojo unatoka wenyewe au unagoma kutoka? Homa, kupungua uzito, saratani zamani? Niliona aibu kwelikweli, ni kama mdogo wangu wa mwisho, lakini akaniambia ningejibu ndiyo kwenye hilo la mkojo na ganzi ya mapajani asingenigusa, ningepelekwa emajensi muda uleule maana mishipa ya fahamu inakuwa imebanwa na masaa yanahesabika. Halafu akaninyanyua mguu nikiwa nimelala chali, akanigonga goti na kile kinyundo, akanitembeza kwa visigino na kwa vidole. Eksirei hakutaka. Alisema mgongo mwingi unaouma hauna kitu kimoja cha kuonyesha kwenye picha, na ukimpiga MRI mtu asiyeumwa kabisa unaweza kukuta diski (kile kimto kati ya pingili za mgongo) imetokeza na yeye hana habari, anacheza mpira.

Kualishwa kwenyewe unalalia ubavu, goti la juu limekunjwa, anakuegemea anasukuma ghafla, ka-ka-ka! Nilipiga yowe kabla ya maumivu, na maumivu hayakuja. Mlio sio mfupa unarudi mahali pake, ni gesi kwenye maji ya maungio. Nilitoka mwepesi, kesho yake misuli ikauma kama nimelima shamba, walishanionya.

Nilienda mara 6 ndani ya wiki tano. Niwe mkweli, kila mara wepesi ulidumu siku mbili tatu ukaisha, kilichobadilisha mambo ni nilichofanya ndani ya hizo siku mbili tatu, maana nilikuwa siogopi kuinama tena. Kutembea dakika 20 baada ya shifti, na lile zoezi la kupiga magoti na mikono kama mtoto anayetambaa, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, unabadilisha. WHO walitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno 2023, kualisha mgongo kumo, mazoezi yamo, ila mikanda ile ya kubana kiuno hawaishauri kama tiba ya kawaida. Mimi yangu nilishanunua dola 40, ipo kabatini.

Mashine sasa hivi naifuata hata iwe mtaa wa pili, babu anisubiri.

Mama nilimhadithia kwa vidio, akashangaa nalipa dola kualishwa mgongo wakati udogoni tulikuwa tunakanyagana bure. Ila la zoezi akataka aone. Akatandika mkeka uani, simu kaiegemeza kwenye ndoo, akanyoosha mkono na mguu wa upande uleule akaanguka, kuku wakatawanyika, akasema "subiri usikate."